Tonge la Baba

Kwa miaka minne kazi yangu pale Katoro ilikuwa kuandika uzito. Nilikuwa karani kwenye mtambo wa elusheni, mahali ambapo wachenjuaji huleta kaboni iliyonasa dhahabu ili dhahabu yenyewe itolewe. Mizani yetu ilisoma gramu mpaka nukta mbili, na niliwahi kuona watu wazima wakishikana mashati kwa ajili ya nukta ya pili. Mwili wangu mwenyewe sikuwahi kuupima.

Siku niliyoupima, Machi 2022, ilikuwa bahati tu. Wahudumu wa afya walikuwa wamefunga turubai karibu na stendi, wanapima watu presha na sukari bure. Nilikuwa sijanywa hata chai. Mizani ikasoma kilo 104. Sukari ikasoma 6.6. Muuguzi akaniambia kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 7.0, kwa hiyo mimi bado sijaingia ndani, nimesimama mlangoni. Akaniuliza kama nyumbani kuna mwenye ugonjwa huo.

"Baba," nikamjibu.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi na mama karibu na Tinde, mkoani Shinyanga. Aliambiwa ana kisukari mwaka 2015. Kufikia mwaka ule wa turubai, alikuwa anasoma gazeti akiliweka karibu na pua, na kidole kimoja cha mguu wa kushoto kilikuwa kimekatwa. Jioni ile nilivua viatu nikakaa kitandani kwangu nikihesabu vidole vyangu kama mtoto wa chekechea. Nilikuwa na miaka 29.

Habari za kuacha wanga hazikuwa ngeni nchini. Dk. Boaz Mkumbo alikuwa amezivumisha kwa jina la Sayansi ya Mapishi, na kila kundi la WhatsApp lilikuwa na mtu wake aliyepungua, anayetuma picha mbili: ya zamani na ya sasa. Nilipochimba zaidi nikakuta kwamba jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1863 mtengeneza majeneza wa London, William Banting, alichapisha kijitabu akieleza jinsi alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Jina lake likawa jina la mlo, na Afrika Kusini mpaka leo anayekula hivyo husema anafanya Banting. Mtengeneza majeneza nilimwamini haraka. Ni mtu anayejua uzito unaishia wapi.

Basi nikaacha. Ugali, wali, chapati, viazi, soda. Mtu asiyejua Katoro anaweza kudhani ni jambo dogo. Mama lishe wa pale huuza mlima wa ugali na bonde la mboga, kwa sababu wateja wake wanashuka kwenye maduara kubeba mawe, na bila mlima ule hawapandi. Mama niliyekuwa nakula kwake aliniangalia kwa muda mrefu.

"Ugali hutaki, wali hutaki, chapati hutaki. Sasa kaka yangu, nikupe sahani au nikupe pole?"

Nikawa nalipia samaki wawili badala ya mmoja, na kabichi ya kukaanga ya watu wawili. Kwa bei ya kilo moja ya nyama ningeweza kununua kilo tano za unga. Nililiona hilo kila siku, nikiwa nimekaa benchi moja na vijana wanaochangia sahani moja ya dagaa watu watatu. Afya yangu ilikuwa inanunuliwa kwa mshahara ambao wao hawakuwa nao.

Wiki ya kwanza kichwa kiliuma na magoti yalilegea. Kilo nne zilitoka, nikajiona shujaa, mpaka niliposoma kwamba mwili huhifadhi wanga pamoja na maji, gramu moja kwa karibu gramu tatu za maji. Akiba ikiisha, maji nayo huondoka. Nilikuwa nimekojoa sehemu kubwa ya ushujaa wangu. Lakini baada ya hapo mwili uliendelea kupungua, polepole na kwa kweli. Kufikia Agosti nilikuwa kilo 90. Sukari ya asubuhi ilikuwa 5.2.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Kwetu mtu mnene ni mtu aliyefanikiwa, na mtu aliyekonda ghafla kwenye mji wa machimbo ana maelezo moja tu vichwani mwa watu. Nilisikia kwa masikio yangu kijana wa mtamboni akisema karani amekanyaga miwaya. Mlinzi wetu, mzee niliyekuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi, aliniita pembeni siku ya mshahara.

"Mwanangu, siku hizi dawa zipo. Tena bure. Mimi mwenyewe nina mwaka wa kumi na moja nazimeza. Usijifiche."

Nilikuja nimejiandaa kukasirika, nikabaki sina la kusema. Yule mzee alikuwa amenifungulia siri yake ili kuniokoa na kitu ambacho sikuwa nacho. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba ni samaki na kabichi.

Mwezi huo huo nilienda nyumbani. Mama alikuwa amesonga ugali na kupika nsansa kwa karanga, na pembeni kulikuwa na bakuli la michembe, kwa sababu anajua naipenda tangu utoto. Nikala nsansa, nikaacha vingine vyote. Aliniangalia kuanzia shingoni hadi mikononi.

"Ng'wana wane, nani kakukosea?"

Nikafanya kosa la msomi. Nikaanza kumweleza kwamba mahindi si chakula chetu, kwamba yametoka Amerika, Wareno ndio waliochangia kuyaleta pwani yetu, na kwamba mababu zake walikula mtama na uwele. Hata viazi vitamu vya hiyo michembe asili yake ni huko huko. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria.

"Kama mahindi ni mgeni, basi ni mgeni aliyekulipia ada."

Ni kweli. Mshahara wa mwalimu haukutosha. Magunia ya mahindi ya mama ndiyo yaliyonipeleka chuo.

Baba hakuingilia. Lakini usiku, mama alipolala, alinifuata nje na kiti chake. Alitaka kujua kila kitu: nilianza lini, nakula nini asubuhi, sukari imeshuka kutoka ngapi hadi ngapi. Yake siku hizo ilikuwa inacheza kwenye 12 na 13. Nilimwandikia orodha kwa mwandiko mkubwa ili aisome. Kesho yake nikaenda mjini Shinyanga kununua kipimo cha sukari na vijiti vyake, nikawafundisha wote wawili kukitumia. Niliporudi Katoro nilikuwa na furaha ya mtoto anayelipa deni.

Kitu kimoja sikuuliza: baba anameza nini.

Alikuwa anameza glibenklamaidi, asubuhi na jioni. Dawa hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma hivyo hivyo hata kama mwenye kongosho hajala kitu cha kuhitaji insulini hiyo. Ukiondoa ugali ukaacha kidonge palepale, sukari haina pa kusimama. Hayo nimeyajua baadaye.

Usiku wa nne mama alinipigia simu. Baba analowa jasho, anatetemeka, anamwita kaka yake aliyekufa zamani. Nikamwambia apime. Nilisikia anahangaika na kile kijiti, anakidondosha, anakiokota. Akanisomea: mbili nukta moja.

Nilibaki na simu mkononi. Mimi niliyesoma, mwenye orodha na historia ya Banting, nilikuwa sijui la kusema. Mama hakunisubiri. Baba alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hiyo alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji akamnywesha kijiko kwa kijiko, kisha akaamsha jirani mwenye pikipiki. Wakampakiza katikati yao mpaka kituo cha afya, akawekewa dripu ya glukosi. Nilipofika mchana wa siku iliyofuata, alikuwa amekaa, anaomba chai.

Tabibu aliomba kuona dawa, kisha akauliza baba amekuwa akila nini. Nikajibu mimi, kwa sababu chakula kile kilikuwa changu. Sikusikia tusi wala karipio.

"Kupunguza wanga si vibaya," alisema. "Lakini dawa hii na chakula kile havikai nyumba moja. Ungemleta kwanza, tungepunguza kidonge, halafu tungepunguza sahani."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno siku nzima, na ningependa angesema.

Baadaye nilikumbuka kwamba kuna Banting wa pili. Frederick Banting, wa Kanada, alikuwa mmoja wa waliogundua insulini mwaka 1921. Kabla yake, wagonjwa wa kisukari waliishi kwa kunyimwa chakula, na wengi walikufa hivyo hivyo. Mimi nilimpa baba mafundisho ya Banting wa kwanza bila kujua kwamba kidonge chake kilikuwa kinaita insulini ya wa pili.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kliniki sote watatu. Dawa ilipunguzwa. Muuguzi wa lishe hakutaja kuacha ugali. Alikunja ngumi ya baba, akamwonyesha mama: ugali usizidi hii, sahani iliyobaki ijazwe mlenda, nsansa, samaki, maharage kidogo. Kwenye kila mabadiliko, pima kwanza.

Sasa mama husonga ugali kama zamani, lakini wa baba huukandamiza kwenye kikombe cha chai na kuugeuza sahanini. Baba humega tonge dogo, analikanda vidoleni kwa muda mrefu kuliko lazima, kisha analichovya kwenye mlenda. Mimi nina kilo 93. Nakula ugali mara moja kwa siku, na nikiwa nyumbani nakula michembe miwili mitatu, mama akihesabu.

Kila asubuhi, kabla sijafungua mtambo, simu yangu huita. Ni baba. Hasalimii, anasoma namba tu. Leo alisoma saba nukta nne. Ninayo daftari yake pembeni ya daftari la dhahabu, nami huandika tarehe, namba, na alichokula jana. Kisha namuuliza kama amemeza dawa, na ngapi.