Taa nyekundu kwenye mteremko wa Lushoto

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, na sehemu kubwa ni mteremko. Unaondoka kwenye baridi na miti ya matunda, unapita Soni yenye maporomoko yake, kisha barabara inaanza kujikunja ukutani mwa mlima hadi joto la tambarare likupokee. Unashuka karibu mita 1,000. Ni safari ambayo watoto wangu huisubiri mwaka mzima, maana kule ndiko kwa bibi yao.

Desemba iliyopita nilikuwa naendesha mwenyewe. Mdogo wangu alikaa mbele, watoto watatu nyuma, na katikati yao ndoo ya plamu aliyotufungia bibi. Gari letu ni Spacio ya mwaka 2003, lilishatumika Japani kabla ya kuja kwetu, na mimi nililizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele.

Tulikuwa tumeipita Soni niliposikia harufu. Kama raba iliyoungua. Nikadhani ni lori la mbele yetu. Kona iliyofuata nikakanyaga breki, pedali ikashuka chini kuliko kawaida, laini kama nakanyaga godoro. Ndipo mwanangu wa kati, anayependa kuchungulia katikati ya viti, akasema, "Mama, ile taa nyekundu imerudi."

Imerudi. Neno hilo lilinichoma, kwa sababu alikuwa sahihi.

Taa ile, alama ya mshangao ndani ya duara, ilianza kuwaka Dar es Salaam mwezi Oktoba. Ilikuwa inawaka nikikata kona, kisha inazima. Fundi wa mtaani alifungua boneti, akaongeza mafuta ya breki, taa ikazima kabisa. Nikamlipa 5,000 na kumshukuru kana kwamba ameponya mgonjwa. Sikujua kwamba mafuta ya breki hayapungui yenyewe kama petroli. Yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimelika kiasi kwamba pistoni zimesogea mbele na mafuta yamezifuata. Kuongeza tu ni kumziba mdomo anayekuonya.

Baadaye gereji moja kubwa ilinipa hesabu kamili: pedi, diski za mbele, mafuta mapya, na sensa ya ABS, kwa sababu taa ya njano nayo ilikuwa inawaka. Jumla 640,000. Mzazi mwenzangu, unajua Januari inavyokuwa: ada, sare, madaftari. Nikaikunja karatasi nikaitia kwenye pochi. Nikanunua pedi za 30,000 katika duka moja mjini, zikafungwa, na kwa wiki sita sikusikia lolote. Hata kupanda Lushoto hakukuniambia kitu. Kupanda hakuulizi habari za breki.

Pale mlimani nilishusha gia kutoka D hadi 2, injini ikaunguruma na gari likapunguza kasi. Nikaingiza L. Nikapampu pedali, ikapanda kidogo. Mbele palikuwa na sehemu pana ambapo kina mama wanauza peasi na karoti; nikaingia hapo taratibu, nikavuta breki ya mkono. Mdogo wangu akashuka na kuweka jiwe chini ya tairi kabla sijazima injini. Muuza peasi mmoja akaja na dumu la maji amwagie gurudumu lililokuwa linafuka. Kwa bahati mzee aliyekuwa jirani akamzuia: diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupasuka. Iachwe ipoe yenyewe.

Yule mzee ndiye aliyetupa namba ya fundi wa Mombo. Wakati tunamsubiri, ikapita Coaster ya kwenda Mombo yenye nafasi. Nikamwambia mdogo wangu, "Chukua watoto, mshuke nayo." Wa mwisho akalia, anataka kubaki na gari. Nilitazama Coaster ile ikipotea kwenye kona, ndipo miguu ikaanza kunitetemeka. Nikakaa kwenye kreti la yule mama wa peasi. Hakuniuliza kitu, alinimenyea moja tu.

Fundi alipanda na bodaboda akiwa na pedi na chupa ya mafuta. Mtu mzima, mpole. Alipotoa pedi yangu ilimegeka mkononi mwake kama biskuti.

"Mama, hii umenunua wapi?"

"Dar, fundi."

"Hii ni ya kupandia mlima. Si ya kushukia."

Tulicheka, ingawa mimi nilikuwa karibu na machozi. Mafuta ya breki yalitoka meusi. Akanieleza kwamba mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Gurudumu likipata moto mkali yanachemka na kutoa mapovu, na povu hubonyea. Ndiyo maana pedali ilizama. Yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yangu sijui yalikuwa na umri gani. Akafunga pedi, akayabadilisha mafuta, akatoa upepo gurudumu moja moja, kisha akakaa kiti cha mbele tukashuka kwa L hadi Mombo. Nililipa 110,000 pamoja na bodaboda.

Dar nilirudi kwenye ile karatasi, safari hii na kalamu. Diski nilibadilisha Januari hiyo hiyo. Ada ya mmoja niliomba kulipa kwa awamu, na uongozi wa shule ukakubali bila maneno. Sensa ya ABS niliiacha isubiri. Taa ya njano peke yake ina maana breki za kawaida zinafanya kazi, ila magurudumu yanaweza kujifunga ukikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, basi mvua ikinyesha naacha nafasi kubwa. Nyekundu haisubiri, na zikiwaka zote mbili pamoja gari halitoki nyumbani.

Fundi wa Mombo alinifundisha na jambo jingine: ukiwasha swichi kabla ya injini, taa zote za dashibodi lazima ziwake kisha zizime. Isiyowaka kabisa huenda aliyekuuzia gari aliiziba. Mwanangu wa kati ameifanya kazi yake. Kila asubuhi anachungulia katikati ya viti, anahesabu kwa kidole, halafu anatoa taarifa: "Zote zimezima, mama. Imebaki ya njano."