Kutunza kwa Neno

Tangu binti yetu aende Ghuba kufanya kazi za nyumbani, Jumapili saa 3 usiku ilikuwa saa yake ya kupiga simu. Sisi wawili, baba yake na mama yake, tulikuwa tukikaa barazani hapa Malindi, simu ikiwa juu ya kigoda kati yetu, tukingoja. Jumapili moja simu haikulia. Iliyofuata pia haikulia. Tulipompigia, namba haikupatikana. Wakala aliyempeleka alitujibu neno moja tu: subirini. Wiki 11 zikapita hivyo.

Mtoto akiugua nyumbani, mzazi hujua la kufanya. Humkanda, humpikia uji, humshika mkono. Aliye mbali utamshika wapi? Tuliomba, tena kwa machozi, lakini tukisema kweli mbele za Mungu, maombi yetu yalianza kuonekana kama maneno matupu. Mmoja wetu alifika mahali pa kusema, "Kiondoe hicho kigoda."

Jioni moja mpwa wetu, mwalimu wa fizikia, alikuja kututazama. Alitukuta kimya, naye, kama watu wafanyavyo kwenye nyumba yenye huzuni, akaanza kuzungumza habari za zamani. Alimkumbuka babu yake, mvuvi wa Ngomeni, aliyezoea kuwasimulia wajukuu habari za roketi iliyopaa kutoka jukwaa la San Marco mle baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Setelaiti iliyobebwa ikaitwa kwa neno letu wenyewe, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, ambazo hewa ya dunia huzizuia zisitufikie. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaacha orodha ya vyanzo 339.

"Hiyo ina mdogo wake," mpwa akasema, "naye angali kazini."

Akatueleza. Mwaka 1976 Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya Uhuru, pamoja na mwenzake Harvey Tananbaum, walipendekeza ijengwe darubini kubwa ya eksirei. Walingoja miaka 23. Darubini hiyo, iitwayo Chandra, ilirushwa kutoka Marekani Julai 1999, ikitazamiwa kufanya kazi miaka 5. Imepita 25.

Tukamuuliza nani huenda kuitengeneza. Akacheka. "Haendi mtu. Darubini ya Hubble ilifuatwa na wanaanga mara 5, maana iko karibu. Chandra hufika zaidi ya kilomita 130,000 kutoka hapa, zaidi ya theluthi ya njia ya kwenda mwezini. Tangu ilipoachwa huko, hakuna mkono wa mtu uliowahi kuigusa."

"Sasa hutunzwaje?"

"Kwa maneno, mjomba. Tangu mwanzo ni maneno tu."

Hapo tukaanza kumsikiliza kwa kweli. Alisema kwamba wanaoiendesha huzungumza nayo mara 3 hivi kwa siku, kama saa moja kila mara, kupitia antena kubwa zilizoko California, Hispania na Australia. Saa zilizobaki haisikiki. Kwa hiyo kazi yake huandaliwa mapema na amri hutumwa kabla ya wakati: sasa geukia nyota hii, sasa ile. Yenyewe huzihifadhi amri hizo na kuzitimiza peke yake, na yale inayoyaona huyaweka akiba mpaka saa ya mazungumzo ifike. Wanaoitunza hulala na kuamka wakiamini kwamba neno lililokwisha kutumwa linatenda kazi wasikoweza kuona.

Tena ilijeruhiwa mapema. Kila inapoizunguka dunia, safari ya saa 64 hivi, hupita katika ukanda wa mionzi mikali. Katika wiki za mwanzo chembe ziitwazo protoni ziliingia kupitia vioo vyake zikaidhuru kamera. Jeraha hilo lilibaki. Lakini hawakuitupa. Waliweka utaratibu kwamba kabla ya kila kuingia katika ukanda ule, kamera iondolewe mbele ya vioo, ifichwe, hatari ipite. Kamera ile yenye jeraha imefanya kazi miaka yote hii.

Oktoba 2018 kifaa kimoja kinachoipimia jinsi inavyogeuka kilitoa hesabu mbaya kwa sekunde 3 tu. Kompyuta yake ikaona mambo si salama, ikasimamisha kazi. Ilihamia kwenye vifaa vya akiba, ikageuza paneli zake zipate jua kwa wingi, ikayaelekeza macho yake mbali na jua yasiungue, ikangoja maagizo. Walio duniani wakachunguza kosa, kifaa kile kikawekwa kando, na kabla ya mwezi kwisha ilikuwa kazini tena.

Mpwa alipoondoka tulibaki barazani. Tukamkumbuka akida wa Kapernaumu. Mtumishi wake alikuwa hoi nyumbani, naye hakumtaka Yesu aingie hata mlangoni. Aliomba neno tu litamkwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutoa amri na alijua neno lenye mamlaka halizuiwi na umbali. Tumelisoma fungu hilo miaka mingi kanisani. Usiku ule ndipo tulipotambua kwamba tulikuwa tumeyadharau maneno tuliyopewa, tukitamani mikono tusiyokuwa nayo.

Kigoda hakikuondoka. Kila Jumapili saa 3 tulimwekea ujumbe wa sauti: habari za nyumbani, kuku wametotoa, nani ameoa, kisha sala fupi tukimtaja jina. Kila ujumbe ulibaki na alama moja, maana yake haujamfikia. Tuliendelea kutuma.

Jumapili ya 12 alama zikawa mbili, zote kwa pamoja. Baada ya siku moja simu ikalia. Mwajiri alikuwa amemnyang'anya simu. Aliporudishiwa, alisikiliza jumbe zetu zote usiku mmoja, mfululizo, mpaka alfajiri. Mengine aliyotuambia hatutayaandika hapa. Kuna alichojeruhiwa, nacho hatuwezi kukifuta.

Ndugu msomaji, usituelewe vibaya. Tunawajua wazazi katika usharika wetu ambao simu haikulia tena, nao waliomba kama sisi, pengine kutushinda. Hatuna jibu la kuwapa, na hatutathubutu kusema imani yetu ilizidi yao. Tunachoweza kukishuhudia ni kidogo: Mungu hakutupa mikono ya kufika Ghuba. Alitupa neno na saa ya kulisema, na aliyekuwa kule peke yake alilihitaji kuliko tulivyodhani.

Mkataba wake umebakiza miezi 7. Jumapili hii, saa 3, tutakuwa barazani.