Mawazo Yamenizidi: Ustawi wa Jamii na Nafsi ya Mwanamke wa Kijijini

Mwanamke wa kijijini aghalabu haendi zahanati akasema kwamba nafsi yake inaugua. Husema kichwa kinamgonga, mgongo unamuuma, usingizi umempaa na moyo unamwenda mbio. Akidadisiwa huongeza, tena kwa sauti ya chini, kuwa mawazo yamemzidi. Muuguzi anayekabiliwa na foleni ndefu humpa vidonge vya kutuliza maumivu, naye hurejea alikotoka, penye mawazo yale yale. Wataalamu wana istilahi zao: msongo wa mawazo, unyogovu, na huko Tanzania sonona. Istilahi hizo zina kazi yake, ila mama aliyeambiwa ana unyogovu huenda akadhani ametajiwa maradhi ya ng'ombe.

Mawazo hayo hayaelei hewani. Ni karo, ni deni la chama, ni mume aliyehamia mjini akanyamaza. Chukua mfano wa mjane ambaye hata matanga hayajaanuliwa, shemeji zake wameanza kulipima shamba kwa hatua. Huyo hata akipewa dawa bora duniani, atazimeza akiwa ameketi juu ya ardhi anayonyang'anywa. Hapa ndipo kazi ya afisa wa ustawi wa jamii inapotengana na ya tabibu, ingawa zahitajiana. Afisa huyo anajua kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Kenya mwaka wa 1981, hukataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Anajua pia mlango wa kubisha. Barua ya chifu, ambayo kwa kawaida ndiyo mwanzo wa shauri la mirathi, yaweza kumrudishia mtu usingizi.

Wapo watakaodai kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbiwa ustahimilivu. Mvumilivu hula mbivu, huambiwa bikira siku anapoolewa, na huambiwa tena anaporudi kwao jicho limevimba. Huitwa nguzo ya boma, na nguzo haiulizwi kama imechoka. Sheria nayo ilichangia kimya hicho: kwa miongo mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujitoa uhai kuwa mhalifu. Ilikuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Ni nani angethubutu kufungua kinywa mbele ya afisa yeyote, ilhali mkono wa polisi ulikuwa nyuma ya mlango?

Kwamba kufungua kinywa kwafaa kitu si dhana tupu. Katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, eneo lililokuwa limesagwa na Ukimwi, watafiti walianza kwa kuwasikiliza wenyeji wenyewe, nao wakataja hali mbili kwa Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Kisha katika baadhi ya vijiji hivyo viliundwa vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, vilivyokutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003: mwishoni, waliobaki na dalili za ugonjwa katika vikundi hivyo hawakufika 7 kwa kila 100, na mahali ambapo vikundi havikuwepo walizidi 54. Mficha uchi hazai, na katika vijiji hivyo waliofichua walipata nafuu.

Kenya imepata mikono mingi zaidi tangu 2023, pale wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipokabidhiwa mikoba yao ili wapite nyumba kwa nyumba. Ni jambo la kupongezwa. Lakini mhamasishaji huyo ni mtoto wa kijiji kile kile, na pengine ni wifi wa mgonjwa. Mwanamke atamwambia nini mtu atakayekula jioni pamoja na mama mkwe wake? Kumtambua aliyeelemewa, mhamasishaji anaweza. Kuitunza siri inayohusu ukoo wake mwenyewe ni mtihani mwingine. Kwa hiyo pahitajika afisa asiyefungamana na ukoo huo, aliyefunzwa kusikiliza bila kuhukumu, na mwenye pahali pa faragha pa kuketi, hata kama ni chini ya mwembe nyuma ya kanisa. Na afike siku ya soko au ya chama, maana siku nyingine mwanamke huyo hana ruhusa wala nafasi ya kutoka nyumbani.