Nilidhani Ana Mpango wa Kando, Kumbe ni Samaki

Kwa miezi minne mume wangu alikuwa akitoka nyumbani Nairobi kila Jumamosi alfajiri na kurudi usiku. Ukimpigia, simu mteja. Nikimuuliza, jibu ni moja: "Ni kazi, mama watoto." Jamani, ningewaza nini? Marafiki zangu walishaanza kunihesabia wanawake wa ofisini kwake.

Jumamosi moja nikamwambia leo twende wote. Akanyamaza, akachukua funguo. Njia nzima hadi Naivasha hatukusemezana.

Saa nane mchana nilikuwa ndani ya boti ziwani, tena na viatu vya visigino. "Karibu madam," mwenye boti akasema. "Leo mzee hajaja peke yake!" Moyo ukatulia kidogo. Peke yake.

Injini ilizimwa karibu na mafunjo, mbali na viboko, maana mnyama huyo hana utani. Mume wangu akafunga chambo cha plastiki, akakirusha kando ya mashina, akakiacha kizame, akavuta taratibu, akaacha tena. Anavua bass. Huyu si mwenyeji wa Naivasha, aliletwa kutoka Marekani miaka ya 1920 ili watu wapate mchezo wa kuvua. Hapendi kufukuzana na chakula. Hujificha kivulini akisubiri kitakachopita, hasa wale kamba wekundu, ambao nao waliletwa mwaka 1970.

"Dume ndiye hulinda mayai," akasema ghafla, macho kwenye mshipi. "Jike akishataga anaenda zake. Dume anabaki hapo, hata kula hali vizuri." Kisha, bila kunitazama: "Nilifutwa kazi Februari."

Mwenye boti akageuka kuangalia Mlima Longonot kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

"Na karo ya muhula huu?"

"Mkopo."

Kumbe Jumatatu hadi Ijumaa alikuwa akivaa tai na kuzunguka mjini na vyeti vyake. Jumamosi alikuja ziwani kwa sababu huku hakuna anayemuuliza kazi inaendeleaje. Boti alilipia kwa kumtengenezea mwenyewe injini. Sikulia. Nilikasirika kuliko ningemkuta na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya.

Nilikuwa bado natafuta maneno mshipi ulipokazika. Akanisukumia fimbo mikononi. "Vuta! Usilegeze!" Samaki akaruka juu ya maji, mdomo wazi, akitikisa kichwa kama anayekataa, nami nikipiga kelele boti nzima, hasira yangu yote ikiwa kwenye ile fimbo. Tulimtoa. Alikuwa kama kilo moja hivi, mgongo wa kijani, mdomo mkubwa ajabu.

Usiku tulimkaanga, tukamla na ugali. Watoto walipolala nikaleta daftari na kalamu, nikamwambia aandike madeni yote. Yalikuwa saba. Mimi nilikuwa nayajua mawili.