Nilivyoanza kuisoma kadhia yangu

Nauza vyombo vya jikoni Kariakoo: mabeseni, vikombe, chupa za chai, vitu vya China. Kwa miaka mingi, kontena likifika Bandari ya Dar es Salaam nilikuwa napigiwa simu na wakala wangu wa forodha ya kutajiwa kiasi. "Mama, tuma hela ya ushuru." Nikiuliza imepatikanaje, jibu lilikuwa, "Mambo ya forodha hayo, tuachie sisi." Natuma. Halafu napandisha bei ya beseni, na mteja aliyetoka Mbagala na nauli yake ya daladala analipia hesabu ambayo hata mimi muuzaji sijaonyeshwa.

Mambo yalibadilika binti wa mdogo wangu alipokuja kukaa kwangu, akisomea mambo ya forodha. Jioni moja aliniambia, "Mama mkubwa, naomba kadhia ya mzigo wako wa mwisho." Kadhia ni tamko la mzigo ambalo wakala huliwasilisha forodhani. Wakala wangu aliitoa baada ya kusumbuliwa sana. Tukaitandaza mezani pamoja na ankara ya kiwandani.

Kwenye ankara, pembeni ya bei ya dola 12,000, palikuwa na herufi tatu: CIF. Akanieleza kuwa bei ya CIF imeshabeba ndani yake nauli ya meli na bima hadi bandari ya kushushia. Ingekuwa FOB, muuzaji angeishia kupakia mzigo melini kule kwao, na nauli na bima zingekuwa juu yangu. Nchi zetu za Afrika Mashariki hukokotoa ushuru kwa thamani yenye vyote vitatu: bidhaa, nauli, bima. Kwa hiyo ankara yangu ilikuwa imekamilika. Lakini kwenye kadhia, mtu alikuwa ameongeza tena nauli dola 1,800 na bima 200, kana kwamba nilinunua kwa FOB. Thamani ikawa 14,000.

Tulipiga hesabu kwa kalamu. Ushuru wa forodha uliotozwa kwenye mzigo ule ulikuwa asilimia 25, na VAT asilimia 18 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Kwa dola 12,000 inakuja 3,000 na 2,700. Kwa 14,000 inakuja 3,500 na 3,150. Tofauti ni dola 950, kabla hujagusa tozo nyingine. Nililia, kwa kweli. Hiyo ni kodi ya fremu ya dukani.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kudai ushuru uliolipwa kimakosa, mradi dai lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Tulidai.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza. Nimejifunza kwamba kila bidhaa ina namba yake ya HS, tarakimu 6 za kwanza zikiwa zilezile duniani, na sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili. Plastiki ipo sura ya 39. Lakini chupa ya chai ya kutunza joto, hata ganda lake likiwa plastiki tupu, iko kwenye namba 9617. Ukiziandika zote "vyombo vya plastiki" umekaribisha ukaguzi, na kontena likisubiri bandarini gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku. Siku hizi namwandikia muuzaji mapema atenganishe kila aina kwenye ankara na orodha ya vifurushi.

Wakala bado ninaye, maana kazi yake ni ya leseni na naihitaji. Ila sasa ananitumia rasimu ya kadhia kabla ya kuiwasilisha, nami naipitia mstari kwa mstari.

Wanawake wenzangu wa mtaani wameanza kuniletea makaratasi yao. Mmoja hupeleka mikeka ya ukindu Kenya kupitia Namanga, na alikuwa akilipia watu wa kumvushia. Nilimweleza kuwa mzigo uliotengenezwa ndani ya Jumuiya, usiozidi dola 2,000 na uliomo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani, na kwa cheti hicho hautozwi ushuru wa forodha. Safari hii amekwenda kukiomba mwenyewe.