Mialoni ya Sheffield, mkungu wa Chamazi

Oktoba ikifika, huku Sheffield utawakuta watu wazima, tena wenye heshima zao, wameinama chini ya mialoni wakiokota mbegu na kujaza mifuko ya makoti. Mti ambao wengi wetu tuliusikia kwenye Biblia tu, huku mtoto wa shule anauotesha ndani ya chupa ya maziwa iliyokatwa shingo.

Kazi yenyewe si ngumu. Mbegu hutumbukizwa kwenye ndoo ya maji; zinazoelea hutupwa, kwani nyingi zimetobolewa na wadudu au zimekauka. Aliyelelewa kwenye nyumba za kuanika mahindi atatamani kuzianika na hizi, na akizianika ameziua. Mbegu ya mwaloni haivumilii ukavu. Hufukiwa mbichi, sentimita mbili au tatu, kwenye chombo kirefu, maana mzizi hutangulia kushuka kabla ya baridi kali, na chipukizi husubiri joto lirudi. Juu huwekwa wavu, kindi wasizifukue. Mpandaji hodari kuliko wote ni ndege mmoja wa ukoo wa kunguru: hufukia maelfu ya mbegu kama akiba, na asizozirudia huota. Kunguru wetu wa Dar, waliofikishwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wao wanajua kuiba vifaranga tu.

Sasa njoo Chamazi, Temeke, kwa shangazi yangu. Uani kwake kuna mkungu. Usiku popo wanakula kungu na kuangusha kokwa kila pembe; mvua za masika zikishika, zinaota zenyewe. Alfajiri ufagio unapita. Uwanja wenye majani ni uwanja usiofagiwa, na majirani wana midomo. Mimi naamini fagio za chelewa zimeua miche mingi Dar kuliko mbuzi.

Nilimwomba aache japo mche mmoja. "Mwanangu, kiwanja ishirini kwa ishirini, shimo la choo lipo, tangi lipo, niupande kichwani?" Ana hoja. Ndiyo maana kuanzia Mbagala hadi Bunju, ukuta ukikamilika tu watu wananunua ashoki: inapanda juu imebana matawi, haidai nafasi. Waingereza wengi nao wana viwanja vidogo, ila wanaweza kuomba ruhusa miche yao ikapandwe kwenye ardhi ya umma. Huko ndiko tunakopitwa.

Ufundi hatukosi. Vijana wa bustani za miche kando ya Barabara ya Bagamoyo wanajua viriba, samadi, kivuli, na kukata mizizi iliyotoboa kiriba kabla haijashika ardhi. Lakini wanaotesha kinachonunuliwa. Mkongo, mti wa misitu yetu ya pwani wenye mbao za thamani, sijazoea kuuona kwenye safu zao. Mbegu yake, nyeusi yenye kofia nyekundu, wengi wanaijua kama shanga ya kuuzia watalii. Hii haina deko kama ya mwaloni: inakaa kavu miaka. Ikwangue ganda kidogo, iloweke usiku kucha, ifukie masika yakikaribia. Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wanauza mbegu za miti. Kituo chao kiko Morogoro.

Shangazi nimemweleza yote hayo. Ameuliza swali moja: unazaa kitu cha kula?