Maili saba za Bububu



Mabibi harusi wetu wengi hupenda kupiga picha Ngome Kongwe. Tukishawavisha huwa tunawauliza: mnajua kama hapa palikuwa na stesheni ya treni? Hucheka, wakidhani tunawatania.

Ilikuwepo, wallahi. Reli ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Company, na treni ikaanza kazi mwaka 1905. Ilianzia hapo karibu na ngome, ikapita mjini kwenye njia nyembamba, karibu kabisa na milango ya watu, kisha ikashika kaskazini mpaka Bububu. Maili saba tu, kama kilomita 11. Ngome yenyewe ilitumika kuwekea vifaa vya reli. Abiria walikwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Miaka ya 1920 magari yakachukua abiria, treni ikabakia kubeba mawe ya ujenzi wa bandarini, mwisho ikafungwa. Mwaka 1949 ngome ikatengenezwa, na uani kwake wanawake wakawa wanacheza tenisi.

Sisi ndugu wawili wa cherehani tulikuwa tunaisimulia habari hii kufurahisha wateja tu. Mpaka Mfunguo Mosi wa mwaka jana.

Mnajua wenyewe mwezi ule harusi zinavyofuatana. Tulikuwa na magauni ya nikaha kumi na moja, tunalala saa nane za usiku. Mama mkubwa wetu anakaa Bububu, ndiye aliyetulea baada ya mama kufariki. Kila akipiga simu tunamwambia, "Tutakuja inshaAllah, kazi zikipungua." Siku moja mteja akatwambia huku tunampima: "Poleni na mgonjwa." Mgonjwa gani? Kumbe mama mkubwa ameteleza kisimani, kavunjika mkono, siku ya tisa hiyo!

Tulifunga duka, tukapanda daladala ya 502. Hata nusu saa haikufika. Tulimkuta barazani, mkono umefungwa, jirani anamsukia nywele. Hakutugombeza. Alisema tu, "Wanangu, mimi nakaa Bububu, sikai Maskati."

Tulilia. Bibi zetu walingoja treni ya moshi ili wakaonane na jamaa zao, na sisi daladala zinapita mlangoni kila dakika tunasema mbali. Kuunga udugu tumeamrishwa, na inshaAllah tunayoitamka bila nia ya kwenda ni kuwadanganya wazee wetu.

Sasa kila Jumatano baada ya Alasiri duka letu limefungwa. Wateja wamezoea, na riziki haijapungua, alhamdulillah.

Nawe bi harusi, kabla hujahamia kwa mume, kaa naye mkubaliane siku yako ya kwenda kwa mama. Ipangeni mapema, kama mnavyopanga siku ya kuja kupima gauni.